Nusu ya Uso wa Mwalimu Kija

Bweni zima lilikwenda likizo. Nikabaki mimi na vitanda, kwa idhini kamili ya baba, aliyekuwa Nansio na nyavu zake.

Salehe, aliyelala kitanda cha juu ya changu, angepita Jumamosi kuchukua tranka, sanduku lake la bati. Wazazi wake walikuwa wamemhamishia shule ya kutwa karibu na kwao Mabatini. Tangu apewe habari hiyo hakucheka tena, hata nilipomvalisha mbuzi wa shule tai ya kaka mkuu. Nilikusudia, kwa heshima na taadhima, acheke mara moja kabla hatujaagana.

Nikachora kwenye kioo uso wa Mwalimu Kija wa nidhamu, kwa wino wa ile kalamu ya njano inayong'aa chini ya taa ya kukagulia noti. Nusu ya kioo niliitangulizia chembe za madini ya fedha tulizopika maabara na Madam Gladness, mwalimu wetu wa kemia, ndogo kiasi kwamba hata hadubini ya shule haizioni. Zilitakiwa kuuongezea wino mwanga. Nilipowasha taa, nusu hiyo ikawa giza. Mwalimu akabaki na sikio moja.

"Umevigusanisha, Ooko," alisema Madam Gladness nilipompelekea kioo kwake, nyumba za walimu. "Wino ukigusa fedha, fedha inaumeza mwanga. Weka utando mwembamba katikati. Hapo elektroni za fedha zitayumba pamoja na mwanga, na wino utang'aa zaidi."

"Utando wa nini, Madam?"

"Jikoni hakuna mayai, we mtundu?"

Nikafuta wino, nikapaka juu ya fedha ute wa yai uliozimuliwa kwa maji, nikasuuza uliozidi, ukakauka. Nikachora upya.

Jumamosi Salehe akaja na mama yake mdogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fanyeni haraka, bajaji inasubiri."

Nikamvuta Salehe hadi maabara, nikafunga mapazia, nikawasha taa. Nusu ya uso ilififia, nusu ikawaka.

"Huyu si Kija?"

"Ndiye. Upande huu amelala. Huu amekukuta nje ya foleni."

Salehe akacheka hadi akashika meza. Meno yake nayo yaling'aa.

"Tangu lini una akili, Ooko?"

"Tangu nikose wa kuongea naye."

Salehe akazima taa. Kisha akakifunga kioo ndani ya shati lake la shule.

Tulibeba tranka, kila mtu na mshikio wake, hadi getini. Bajaji ikateremka kilima.

Niliporudi bwenini nilipanda kitandani kwake, juu ya mbao tupu, nione alikuwa akiona nini kutoka kule. Katikati ya mbao kilionekana kitanda changu.