Cherehani Iliyonishonea Nyumba

Usiku wa jana niliota nimepelekwa kwa fundi kupimwa nyumba. Fundi hayupo. Cherehani yenyewe ndiyo inayopima. Naiamkia, maana ni ya zamani.

"Marahaba," inajibu. "Sasa hivi unakaa nyumba ya nani?"

"Ya dada yangu, Mwanaidi. Ananipenda sana."

"Naona. Inakubana mabegani."

Ni kweli. Tangu miguu yangu igome, Mwanaidi ananifanyia kila kitu, nami namshukuru. Ila anaingia chumbani kwangu bila hodi, hata nikiwa sijavaa. Mtu mzima hupigiwa hodi, na mimi nina mvi. Inaniuma.

"Wataka nini?" inauliza cherehani.

"Mlango wangu. Na msaidizi nitakayemchagua mwenyewe."

"Wa kukuogesha au wa kukuamulia?"

"Wa kuniogesha. Kuamua naweza."

Inachora mstari wa chaki kwenye kitambaa cha mlango wangu, usawa wa mkono wangu nikiwa kwenye kiti cha magurudumu. Hapo ndipo litakapokaa komeo. Kisha inashona. Kuta zinatokea upande wa pili zikiwa zimeshapigwa pasi.

Mara tuko sokoni. Nyumba yangu imesimama katikati ya mafungu ya nyanya, nami nimo ndani. Hakuna anayeshangaa. Muuza vitunguu analalamika tu kwamba namzibia wateja.

Mwanaidi anakuja na uji. Anasukuma mlango kama alivyozoea. Haufunguki, naye kwa kuwa ameinamia uji anajigonga paji la uso penye mstari wa chaki.

"Kibwana, fungua, uji unapoa."

"Piga hodi," mlango unamwambia.

"Nimpigie hodi mdogo wangu? Huyu nimembeba mgongoni."

"Mgongoni hakuna mlango."

Mwanaidi anaanza kulia. Mimi naogopa. Akiondoka leo, huenda asirudi, na sina mwingine. Mkono wangu uko kwenye komeo, unalifikia bila shida. Sifungui.

Nikaamka. Kumekucha, niko kitandani kwangu, kwa dada. Nikasikia kandambili zake zikija ukumbini. Zikafika mlangoni, zikasimama. Hazijawahi kusimama hapo.

"Hodi," akasema, kwa sauti ya mtu anayejaribu viatu vipya.

Nilifurahi mpaka nikasahau jibu. Akarudia.

"Karibu, dada."

Akaingia na uji. Paji la uso lilikuwa limevimba, na juu ya uvimbe kulikuwa na mstari mweupe wa chaki.

"Sijui nimejigonga wapi," akasema, akauliza auweke wapi uji.