Nailoni ya Baba Mdogo

Bochaberi alisikia harufu kabla hajatua begi lake. Ilikuwa harufu ya kabichi iliyosahauliwa ndani ya gunia, na ilitoka kwenye kibanda cha zamani cha kukamulia ng'ombe, mahali ambapo msimu huu hapakutakiwa kunuka kitu ila vumbi.

Alikuwa ametoka makambini Sironga, wiki nzima ya nyimbo na mahubiri, na sauti ilikuwa imemkauka. Hakuingia nyumbani. Alivuka boma moja kwa moja, akasukuma mlango wa kibanda, akasimama.

Mikonge yake ya mapambo ilikuwa imefunikwa yote. Mtu alikuwa amepinda fito juu ya meza za mbao, akatandaza karatasi ya nailoni, akabana kingo zake kwa udongo mpaka hewa ikakosa pa kupenya. Nailoni ilitoka jasho kwa ndani. Matone yalikuwa yakidondokea majani, na majani yalikuwa yamelegea kama mboga iliyochemshwa. Hakuhitaji kuuliza ni nani. Nyansiongo nzima, kazi safi namna ile ilikuwa ya mtu mmoja.

Obwocha, mdogo wake baba, alikuwa bingwa wa vitalu vya chai. Huchukua kikonyo chenye jani moja, akakichomeka kwenye udongo, akakimwagilia, akakifunika kwa nailoni, na haruhusu mtu kuifungua mpaka mizizi ishike. Watu hutoka hata Keumbu kufuata miche yake. Lakini mkonge si chai. Majira ya baridi mkonge hulala, na ukiumwagilia umelala, unaoza. Bochaberi alikuwa amefundishwa hivyo chuoni, kisha akafundishwa tena na manyunyu ya Borabu, yaliyomwozeshea mimea ya mwaka wake wa kwanza. Tangu hapo, baridi ikikaribia, aliihamishia mikonge na mishubiri yake chini ya paa linalopitisha mwanga, kwenye mikebe iliyojaa kokoto kuliko udongo, na hakuipa maji mpaka jua lirudi. Majani yakikunjamana kidogo, alifurahi. Ndivyo yanavyotakiwa kuwa.

Na alikuwa amesema. Kabla ya kwenda makambini alisimama mbele ya baba yake mdogo, macho yakiwa kwenye gambuti za mpira za mzee kama kawaida, akamwambia, "Baba mdogo, tafadhali, usiimwagilie hata tone."

"Nenda ukaimbe, mama," Obwocha alimjibu. "Mimi nilianza kuotesha vitu kabla hujaota meno."

Bochaberi aling'oa ukingo mmoja wa nailoni. Mkonge mkubwa, wenye mistari ya manjano, ulikuwa umekaa katikati. Alishika jani la ndani, nalo likang'oka mkononi mwake bila kushindana, kama unyoya wa kuku aliyemwagiwa maji moto. Huo ndio mkonge aliopewa na Pam, rafiki yake wa chuoni kutoka Homa Bay. "Sasa unaupeleka kwa ile friji yenu ya Borabu," Pam alimtania siku hiyo. "Ukifa, usinipigie simu." Haukufa. Miaka mitatu ulizaa watoto pembeni, na karibu kila mkonge uliokuwa kwenye meza zile ulitoka kwake.

Jikoni, Obwocha alikuwa ameshika kikombe, anamsimulia mama yake Bochaberi jambo. Baba yake, Manasseh, alikuwa mlangoni akikwangua matope kwenye jembe.

"Umerudi, mama," Obwocha alisema. "Nimekuokolea mimea yako. Nimeikuta imekunjamana kama uso wa mzee. Ingekufa kwa kiu."

"Mshukuru baba yako mdogo," Manasseh alisema. "Ameacha kazi zake kwa ajili yako."

Bochaberi alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yamejaa, yanasukumana. Yaliyotoka ni "Asante." Alijichukia kabla hajamaliza kulitamka.

Alirudi kibandani akachukua kisu. Alikata kila mkonge kutoka chini, akapandisha kisu mpaka pale palipokuwa peupe na pagumu, akapaka majivu kwenye kidonda, akaulaza kwenye ubao mkavu. Mingi haikuwa na mahali peupe. Mkonge wa Pam ulikuwa umeoza mpaka moyoni. Alipougeuza, alikuta mtoto mmoja tu ubavuni, mdogo kama ngumi, bado mgumu. Alimkata kwa uangalifu, akamlaza peke yake. Alilia kidogo, na hata kulia kwenyewe kukamkasirisha.

Maana kulikuwa na jambo kubwa zaidi ya mikonge. Mwezi wa nne baba yake alikuwa amesema mbele ya wote: mimea ikipita baridi, kibanda na kona ile ya shamba vitakuwa vya Bochaberi. Ikifa, kona inakwenda kwa Obwocha aongeze vitalu.

Jumapili asubuhi, Obwocha alikuja na kamba na vigingi.

"Si mimi, ni baridi," alimwambia Manasseh, akichungulia mabaki kwenye ubao. "Hii Borabu si ya mikonge. Mtoto amejaribu. Haya, shika kamba huku."

Manasseh alishika kamba. Hakumtazama binti yake.

Bochaberi alikuwa amejiandaa usiku kucha. Angeeleza habari za mizizi, za usingizi, za maji. Lakini alipomwona Obwocha akipigilia kigingi cha kwanza mbele ya mlango wake, akitia lawama kwenye baridi isiyoweza kujitetea, maelezo yote yalimtoka kichwani. Akageuka, akapita kwenye mwanya wa ua, akaingia kwenye shamba la baba yake mdogo.

"Anaenda wapi huyo?" Obwocha aliuliza.

Walimfuata. Walimkuta amechutama kando ya kitalu kirefu kuliko vyote, mkono mmoja umeshika ukingo wa nailoni. Udongo wa pembeni alikuwa ameshaukwangua.

"Baba mdogo," alisema, "miche yako inatoka jasho. Naona huruma. Wacha niifungulie ipate upepo."

"Usiguse!" Obwocha aliangusha kamba. "Achilia hiyo. Ikiingia hewa leo imekwisha yote, unasikia? Nani amekuambia uguse kitu changu?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Sasa?"

"Sasa nimekuuliza wewe kwanza." Kwa mara ya kwanza macho yake yalipanda kutoka kwenye gambuti hadi usoni. "Nami nilikuambia hata tone usimwagilie. Ukaniambia niende nikaimbe. Umeiua mimea yangu, ukanifanya nikushukuru, na sasa unasema ni baridi. Baridi mimi ninaijua. Nimepita nayo miaka mitatu na haijanifunika kwa nailoni."

Obwocha alimtazama kaka yake. Manasseh alikuwa akitazama mkono wa binti yake ukingoni mwa nailoni.

"Mwambie aachilie," Obwocha alisema.

"Mwombe wewe," Manasseh alimjibu. "Yeye alikuomba."

Obwocha alitazama miche yake, vijani vyake vimejipanga chini ya ukungu wa nailoni.

"Tafadhali, mama," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo.

Bochaberi hakuwa amekusudia kufungua. Miche haikuwa imemkosea. Alirudisha ukingo mahali pake, akaurundikia udongo, akaushindilia kwa kiganja kote alikokuwa amekwangua, mpaka akahakikisha hakuna hewa inayopita. Kisha akainuka akafuta mikono kwenye sketi.

Bochaberi na baba yake walirudi bomani. Obwocha alibaki nyuma, akikagua ukingo ule kwa vidole, asipate kosa. Mbele ya kibanda, Manasseh aliinama akang'oa kigingi. Hakuomba msamaha, hilo alikuwa hajawahi kumfanyia mtu yeyote katika nyumba ile. Alikishika tu, kisha akaingia ndani na kusimama mbele ya ubao.

"Huyu mdogo," aliuliza, akinyoosha kidole bila kugusa, "anahitaji nini?"

"Aachwe," Bochaberi alisema.

Baba yake alitia mkono mfukoni.