Ndiyo za Fundi

Nyumbani kwa fundi seremala, neno la baba halikuulizwa mara mbili. Akisema ndiyo, imekwisha hiyo. Wanawe wawili walikua hivyo, wakabaki hivyo hata baada ya kiharusi kumwangusha juu ya maranda ya mbao na kumwachia mkono wa kushoto na neno moja tu.

Neno lenyewe lilikuwa "ndiyo". Wakashukuru. Kaka mtu akamuuliza kama wauze benchi la kazi, maana karakana imelala. Ndiyo. Binti, ambaye fundi alimpachika jina Msasa kwa ulimi wake unaoparuza, akamuuliza kama amnyoe ndevu. Ndiyo. Kila wembe ulipomkaribia mzee aligeuza uso, na Msasa akamtania kwamba uzeeni amekuwa mtoto wa kuogopa maji.

Siku mnunuzi alipokuja na wapagazi wake, walimketisha fundi kando ya benchi aliage. Msasa akamwona anatoka jasho, akamuuliza kama amvue sweta.

"Ndiyo," alisema fundi, na mkono wake ukalikamata sweta kifuani.

Msasa akavuta kidogo. Mkono ukakaza.

"Baba, nivue au nisivue?"

"Ndiyo." Macho yalikuwa yamemganda usoni, yanamsihi.

Msasa akapiga magoti mbele ya kiti.

"Baba, mimi ndiye mama yako?"

"Ndiyo," alisema fundi, na chozi likateremka kwenye shavu ambalo Msasa alilinyoa kwa mkono wake mwenyewe.

Wiki zote zile macho ya Msasa yalikuwa yakiona, na masikio yakiyanyamazisha.

Akawaambia wapagazi walitue benchi. Kaka yake akacheka, akasema mwenyewe amekubali mbele ya mashahidi, na Msasa asianze kuparuza watu.

"Muulize kama wewe ni mbuzi."

"Acha upuuzi."

"Muulize, kaka."

Kaka akainama, meno bado nje. "Mzee, eti mimi ni mbuzi?"

"Ndiyo."

Mkono ulikuwa umeshaliachia sweta. Sasa ulishika mpini wa jiliwa, kile chuma cha kubania mbao ubavuni mwa benchi, vidole vimekakamaa.

Kaka mtu akaacha kucheka. Akatazama mlango wa chumba cha uani walikomhamishia baba, kwa ndiyo yake. Akatazama kidevu kitupu.

Mnunuzi akataka kujua, wanauza au hawauzi.

Msasa aliweka kiganja juu ya mkono wa baba yake. "Usiseme kitu, baba. Ukitaka liende, achia. Ukitaka libaki, kaza."

"Ndiyo," alisema fundi, akakaza mpaka chuma kikalia.