Kabichi za Kantini

Godlisten alitangaza likizo akiwa amesimama mlangoni, kofia ya kazi mkononi, na kicheko ambacho hata yeye mwenyewe hakujua kimetoka wapi.

"Mama Manka, nimepewa likizo. Siku ishirini na nane! Twende kwenu mlimani, mtoto akapate hewa."

Sasa, mwanamke mwingine angeshika kiuno. Miaka sita ya ndoa, kila Desemba walipanda basi kwenda Machame kwa akina Godlisten. Huko kwa akina Theresia, kwenye milima unayoiona ukiwa umesimama uani kwao pale Kilakala, mjini, mwanamume huyu hakuwahi kulala hata siku moja. Alipanda siku ya mahari, akashuka jioni ile ile akilalamikia baridi, na yeye ni mtu wa Kilimanjaro! Leo ndiyo kakumbuka hewa. Lakini Theresia alisema tu, "Haya, Baba Manka," akavuta begi kutoka chini ya kitanda, na begi lenyewe lilikuwa limeshapangwa nusu. Godlisten aliliona. Hakuuliza.

Na hapo ndipo penye kasoro ya Godlisten, niseme mapema tusipotezeane muda. Hakuwa mtu wa kuuliza. Akipotea njia alikuwa radhi azunguke mji mzima kuliko kumwuliza mpita njia. Kuuliza, kwake, kulikuwa jirani na kuomba, na kuomba hakutaka hata kukusikia. Mungu naye ana mizaha, akampa binti wa miaka mitano ambaye mdomo wake haukuwahi kufungika. Kwa nini jogoo hana meno? Kwa nini treni haigeuki? Kwa yote hayo Godlisten alikuwa na jibu moja: "Ni hivyo, mwanangu. Ni hivyo tu."

Likizo yenyewe haikuwepo. Ulikuwa mwaka wa tisini na mbili, na kila kitu kilikuwa ruksa. Ruksa kupanga mitumba barabarani, ruksa kufungua baa uani kwako, ruksa kuleta makopo kutoka nje. Makopo ya nje yalipojaa madukani, kiwanda cha makopo alichofanyia kazi Godlisten kikafungwa. Fundi mitambo huyu wa miaka tisa kazini akapewa barua ya kupunguzwa kazi kama wenzake. Aliikunja mara nne, akaitia mfuko wa ndani wa koti, na kwa wiki tatu akatoka kila asubuhi na ovaroli yake, akashinda stesheni akitazama mabehewa. Alichoogopa ni kimoja: wakwe zake wajue kwamba binti yao ameolewa na mtu asiye na kazi. Wiki ya nne stesheni ikamshinda, ndipo akawaza mlimani. Kule nani angejua habari za kiwanda? Watu wa kule wanajua njegere na ukungu.

Walipanda kwa lori la mboga hadi Nyandira, kisha wakakanyaga kwa miguu. Manka alitangulia akiuliza. Kwa nini mashamba yamekatwa ngazi? Nani anapanda hizo ngazi? Mbona mawingu yako chini yetu, tumekufa? Theresia alicheka mpaka akaweka begi chini. Alimweleza mtoto kuwa ngazi ni za kuzuia mvua isibebe udongo, na kwamba hapana, hawajafa. Godlisten alitembea nyuma akihema, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akajikuta anataka kusikia swali linalofuata.

Nyumbani walipokewa na Bibi Regina, mama yake Theresia, na Lukasi, kaka yake. Shikamoo zikapita, marahaba zikajibu. Bibi Regina alikuwa mtu wa mila zake: hakumsemesha mkwe wake ana kwa ana. Maneno yake yote kwa Godlisten yalipitia kwa mtoto, hata kama baba mtu amesimama hatua mbili.

"Manka, mwambie baba yako ajifunike blanketi hili."

"Baba, bibi anasema ujifunike. Bibi, kwa nini humwambii mwenyewe? Anasikia!"

"Kwa sababu ni mkwe wangu. Ninamheshimu."

"Mimi huniheshimu?"

"Wewe nakupenda. Nenda kamwambie."

Lukasi aliinama kuficha kicheko. Kisha akamgeukia Godlisten. "Karibu sana, shemeji. Kwa hiyo umepata likizo?"

"Likizo," alisema Godlisten. "Siku ishirini na nane."

"Hongera," alisema Lukasi. Bibi Regina akakumbuka ghafla kwamba ana chungu jikoni.

Basi, siku zikaenda. Manka akawa mkia wa bibi yake. Alijifunza kwamba fyulisi halichumwi mpaka lianze kunukia, kwamba njegere changa ni tamu mbichi, kwamba maji ya mfereji yana zamu yake na mwenye zamu hafokewi. Kila jioni alikuja kumsimulia baba yake, naye Godlisten akasikiliza, mikono ikimwasha. Alikuwa ameona mahali mfereji unapovujia. Kwao Machame alikulia mferejini, angeuziba kwa saa moja, lakini mkwe ni mgeni, hapewi jembe, na yeye asingeomba. Akawa anakaa kibarazani na koti lake kama mkaguzi wa shule.

Siku ya tano Manka alimvuta mkono. "Baba, njoo uone kitu cha ajabu!"

Nyuma ya banda palikuwa na rundo la kabichi, kubwa, zimefunga vizuri, na Lukasi alikuwa akizipasua kwa panga na kuwarushia mbuzi.

"Mjomba," Manka alisema, "mbona mbuzi wanakula kabichi nzuri? Mama anazinunua sokoni kwa hela!"

Lukasi aliinua panga, akalishusha polepole. "Hizi zilikuwa na wenyewe, mjomba. Kila Jumanne nilikuwa napeleka mjini magunia kumi, kwenye kantini ya kiwanda. Sasa kiwanda kimefungwa, lango limetiwa mnyororo. Nimebaki nazo."

"Kiwanda gani?"

"Cha makopo."

Loo! Godlisten alihisi baridi ya mlima wote imeingia kolani. Miaka tisa alikula ugali na kabichi katika kantini ile, miaka tisa akinung'unika kwamba kabichi tena, na hata siku moja hakuuliza zinatoka wapi. Katika milima yote ya Tanzania alikuwa amekuja kujificha kwenye huu uliokuwa unamlisha.

"Baba," alisema Manka, "si ndiyo kiwanda chako?"

Lukasi hakumtazama shemeji yake. Alimtazama mbuzi. Mlango wa kukiri ulikuwa wazi kabisa, mtu alitakiwa kuingia tu.

"Ni kingine," alisema Godlisten. "Viko vingi."

"Viko vingapi?"

"Vingi, nimesema!"

Manka alinyamaza, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ajue kusema, na Godlisten akaona aibu iliyompanda hadi masikioni. Alimpenda mtoto huyu kuliko kitu chochote, na sasa alikuwa amemdanganya mbele ya mbuzi.

Alikwenda kumtafuta mkewe. Theresia alikuwa kijitoni anafua, nguo zimetandazwa juu ya mawe.

"Lete na hilo koti nilifue," alisema.

"Hapana!" Godlisten alilikumbatia kifuani.

"Lete bwana. Barua nimeshaitoa usiku ulipolala, iko ndani ya Biblia yako."

Godlisten aliketi juu ya jiwe, na jiwe lilikuwa na maji. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu mfuko ulipotoboka ikadondokea ndani ya bitana. Nilishona mfuko, nikairudisha, nikaanza kupanga begi. Ungechelewa siku mbili, mimi ndiye ningesema twende mlimani. Na Lukasi alijua siku ile ile alipokuta mnyororo langoni."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nikuulize wewe? Ungesema 'ni hivyo.'"

Machozi yalimtoka Godlisten, akasingizia sabuni. Theresia akakamua shuka.

"Sikiliza, Baba Manka. Nyumbani wote wanajua, na hakuna anayekucheka. Lakini huku mkwe hapewi shamba bila kuomba. Ukimpa hajaomba, ni kama umemwambia hana kwao. Kaka anataka kukusaidia, mama anataka, na wamefungwa mikono mpaka ufungue mdomo. Na mimi sikusemei. Hilo ni lako."

Jumapili, baada ya misa, Lukasi alimshika Manka mkono, akawaambia wote wamfuate. Walishuka hadi kwenye ngazi tatu za shamba zilizopakana na mfereji. Pembeni kulikuwa na mmea wa sale, ule ule ambao kwao Godlisten hupandwa mpakani.

"Mjomba, tazama," Lukasi alimwambia mtoto. "Toka sale hili mpaka jiwe lile jeupe ni kwako. Mimi mjomba wako ndiye wa kukuonyesha, nami nimekuonyesha."

"Kwake?" Godlisten alishtuka. "Manka ni mtoto wangu, jina lake la Machame!"

"Jina ni lenu, shemeji, hatujalikatalia. Lakini tumbo lililomzaa ni la hapa, na huku ukoo unafuata mama. Kabichi hatupandi tena. Njegere ndiyo sasa, maana matajiri wa Kariakoo wanakuja wenyewe na Fuso zao."

Godlisten alilitazama lile shamba. Machame kaka zake walikuwa wamegawana kihamba, lile shamba la urithi, mpaka miguu ya migomba, na binti asingepewa hata pa kusimika kigoda. Hapa mtoto wa miaka mitano alikuwa na ardhi na maji, na baba yake hakuwa na kitu. Udongo ulikuwa mweusi. Alitamani kuushika hadi vidole vikamuuma.

Bibi Regina alikuwa amesimama kando, uso ameugeuzia mlima wa pili kama mila inavyotaka.

"Manka," alisema, "muulize baba yako kama ana neno."

"Baba, una neno?"

Maji ya mfereji yalikuwa yanavuja pale pale alipopaona. Godlisten alivua kofia, akachuchumaa hadi macho yake yakalingana na ya binti yake.

"Ninalo. Manka, naomba nilime hapa kwako."

"Kwa nini?"

Lile jibu lake la zamani lilikuja lenyewe hadi ncha ya ulimi. Alilimeza.

"Kwa sababu sina kazi, mwanangu. Kiwanda kilichofungwa ndicho changu. Nilikudanganya juu ya zile kabichi. Niliona aibu."

Manka alifikiri, kidole mdomoni.

"Kwa hiyo hii siyo likizo?"

"Siyo likizo."

"Lakini mimi nimeipenda."

"Hata mimi," alisema Godlisten.

Manka alitazama toka sale mpaka jiwe jeupe, akatazama na baba yake, akimpima. "Haya, lima," alisema. "Lakini vyangu usiwape mbuzi."

Lukasi aliangua kicheko hadi akashika magoti. Theresia alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitenge. Ndipo Bibi Regina akageuka kutoka mlima wa pili, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita akamtazama Godlisten usoni, bila kupitia kwa mtu.

"Jembe liko nyuma ya mlango, mwanangu," alisema. "Kalichukue."