Madonge ya Wanga

Binti yangu tulimwita Kiherehere tangu alipoanza kutambaa, na siku ile jina lilimkaa sawasawa. Mwenye tanuri alikuwa ametuambia kwamba tusipomwonyesha bati kabla ya saa kumi, tanuri atampa mtu mwingine. Mara mbili tulikuwa tumeyeyusha, na mara zote mbili tukapata vitone visivyojaza kijiko.

Kosa halikuwa la mkaa. Mchanga wenye madini ya bati tulioletewa safari hii ulisagwa mpaka ukawa laini kama wanja. Binti yangu akiumwaga juu ya makaa, upepo wa feni unaubeba wote na kuutoa kwenye dohani. Naye kadiri alivyoona bati halitoki, ndivyo alivyozidisha upepo. Nilimwambia apunguze. Akaniambia nikakae kivulini.

Saa tatu akaja jirani yetu, mfua nguo, na beseni kiunoni. Nilijua amekuja kugomba, maana shuka zake kwenye kamba zilikuwa zimeingia weusi kwa sababu yetu. Aligomba kweli, kidogo. Kisha akatua beseni. Alikuwa amekung'uta shuka mojamoja na kufagia paa lake, na vumbi lote hakulitupa, alilitia humo. Alisema kitu kizito namna ile hakikosi mwenyewe.

Nikashukuru, huku namtazama vidole. Vilikuwa na wanga mkavu, ule anaotia kola za mashati zisimame. Nikamwomba sufuria moja ya wanga.

Tukakanda sote watatu: unga wa bati, vumbi la mkaa na wanga. Tukafinyanga madonge ya ukubwa wa limau, tukayapanga kwenye sinia karibu na tanuri. Kazi iliyobaki ilikuwa kungoja, na hiyo ndiyo iliyomshinda binti yangu. Alifagia palipokwisha kufagiliwa. Akauliza saa. Akayageuza madonge, akauliza saa tena. Saa sita akasema yamekauka.

Mfua nguo akaokota donge moja, akalibandika shavuni kama anavyopima shati kwenye kamba.

"Bado, dada. Ndani lina baridi. Shati bichi halipigwi pasi."

"Shati halina saa kumi," binti yangu akajibu, akatupa donge motoni.

Likapasuka. Makaa yaliruka hadi mlangoni, na cheche moja ikatoboa gauni langu gotini. Binti yangu akaja mbio, akapapasa pale gotini, akaona sijaungua. Kisha akakaa chini bila kuambiwa.

Ilipofika saa nane, kila donge lilikuwa limepita shavuni kwa mfua nguo. Safari hii feni iliendeshwa polepole. Hatukuona vumbi kwenye dohani. Bati likachuruzika jeupe, likajaa kwenye kalibu tuliyoitega chini yake.

Mwenye tanuri alikuja mwenyewe saa tisa na nusu. Akachukua kijiti chembamba cha bati lililokwisha kupoa, akakikunja karibu na sikio. Bati halisi likikunjwa hulia, kama chumvi ikidondoka motoni. Tulinyamaza ili asikie.

"Linalia," akasema. "Kesho nitawaletea magunia mawili ya mchanga."

Nikageuka nimwone binti yangu akifurahi. Hakuwapo. Alikuwa ameshavuka uani kwa jirani, mikono ndani ya maji, anazifua upya zile shuka, na mfua nguo anambembeleza asizisugue hivyo, zitachanika.