Bareti Mbili za Claudette

...na kama moja inatosha basi ni moja tu, moja kwa Noella na moja ibaki, ndivyo Ildephonse alivyopanga njiani nyuma ya pikipiki akiwa amekumbatia mfuko, na mpango ni mpango, mtu ambaye kazi yake ni kupima kina cha ziwa kila asubuhi habadilishi kipimo kwa sababu wimbi limempiga miguuni, lakini sasa kompyuta ya Claudette, mke wake, imelala kifudifudi juu ya meza ya uchapaji ya Noella hapa Kilibula, kifuniko cha mgongo kimeondolewa, skurubu ziko salama ndani ya kizibo cha chupa, na bareti zote mbili ziko wazi, zile kadi nyembamba za kijani za kumbukumbu ya muda ambazo mashine huzitumia kama mshonaji anavyotumia meza, meza ikiwa pana kitambaa kinatandazwa, ikiwa finyu kila kitu kinaanguka chini na mashine inaganda, na vidole gumba vya Ildephonse vimetua kwenye vibanio vya ile ya juu, vimetua tu, havibani... “Shemeji, weye iko unaifungua ama iko unaiombea?” anauliza Noella, na mteja wake Bienvenu, anayengoja barua yake tangu umeme ukatike, anacheka mpaka benchi linalia, “Mama Noella, aombee na barua yangu, iko ndani ya mashine yako,” “Barua yako iko inapumzika,” “Yeye iko inapumzika, na minye iko ninakufa njaa!” na Ildephonse anatabasamu kwa adabu, hakusikia vizuri, anafikiri kwamba bareti hazihifadhi kitu, hilo analijua kwa hakika, umeme ukikatika zinabaki tupu kama sahani iliyooshwa, hakuna neno hata moja la Claudette ndani yake, mitihani yake ya Kifaransa na picha za harusi ziko kwenye diski na diski ameshainakili, kwa hiyo mtu wa akili hana sababu ya kusita, ila kuna ile feni ndogo ya ndani, skrini ilikufa tangu mwaka jana lakini feni inazunguka, inaanza kwa kikohozi kisha inatulia, na kila jioni tangu alipomzika mke wake yeye huichomeka, huketi na chai yake, husikiliza, kwa sababu ndivyo nyumba ilivyokuwa ikisikika Claudette akichapa mitihani ya shule nzima, na bila bareti hata moja feni hiyo haitazunguka vile, mashine italia pii, pii, na kunyamaza, ndiyo maana ni moja tu, moja inabaki, mpango ni mwema, hakuna anayeumia... lakini Noella ameinama, ameziona mbili. Ameziona, kisha ameangalia pembeni, ameanza kufuta vumbi kwenye printa isiyo na vumbi, ingawa yeye ndiye ajuaye kuliko wote kwamba mashine yake kuukuu ikipata moja itasogea kidogo tu, lakini ikipata mbili itabeba zile kazi nene za wanafunzi wa chuo, zenye picha na majedwali, ambazo sasa zinapita mlangoni pake na kwenda kwa mchapaji wa sokoni, na wateja wakizoea njia hiyo basi meza hii itafungwa, na bado anafuta printa, haiombi ya pili, na Ildephonse anaitambua shingo hiyo iliyogeuka, ni ile ile ya siku ya kumaliza kilio, dada na shangazi walipogawana vitu vya marehemu kama desturi inavyotaka, vitenge kwa huyu, sufuria kwa yule, mmoja akaulizia hata viatu vya kanisani, na Noella, mdogo wake Claudette wa kuzaliwa tumbo moja, alikuwa nje akiosha masahani ya wageni, walipomwita achague alisema minye niko na maji mikononi, gawaneni tu, na hakuna aliyegombania kompyuta kwa kuwa ilikuwa pofu... na kabla ya hapo, hospitalini, siku ile moyo wa Claudette ulikuwa umechoka kabisa, Noella aliingia na kitana na kuanza kumsuka, msuko baada ya msuko, taratibu, na yeye Ildephonse alisimama dirishani akijiuliza nywele zina kazi gani sasa, daktari ameshasema alichosema, lakini Claudette alifumba macho chini ya vidole hivyo kama mtoto aliyeoga, akasema, “Kaza kidogo, Noella, unanisuka kama muzungu,” na wote wawili wakacheka, na ndicho kicheko cha mwisho alichokisikia kutoka kwake, na alikwenda akiwa amesukwa vizuri, na yeye mume mtu hakuwahi kusema asante kwa hilo, si kwa ubaya, hakujua tu kwamba amepewa, aliona kifo peke yake na hakuona mikono... “Shemeji, ikikuwa ngumu acha,” Noella anasema taratibu, bila kugeuka, “haina haraka,” “Kwa nani haina haraka?” anasema Bienvenu, “Nyamaza weye, unywe maji,” na Claudette mwenyewe alikuwa na haraka daima, alizileta bareti hizi kutoka Bujumbura, amezifunga kwenye ncha ya kitenge kama mtu anayevusha dhahabu, hakutaka fundi, alizipachika mwenyewe na mashine ikalia pii, pii, akazitoa, akazirudisha, kisha akasema, nilikuwa ninaiogopa, Ilde, inataka uisukume kama unamaanisha, na ilipowaka alimwita kila jirani aje aone, na wiki hiyo hiyo alikuwa akiwachapia bure wanakwaya, walimu wenzake, mjane mmoja wa Runingu aliyetaka kurudishiwa shamba la mume wake, mashine ile haikuwa yake peke yake hata siku moja, ni yeye Ildephonse aliyeifanya iwe ya mtu mmoja, ikae gizani ikizungusha upepo... na vidole gumba vinabana. Bareti ya juu inaruka kidogo, kama mtu anayeinuka kumpisha mgeni kiti, anaivuta kwa kingo, anaiweka juu ya kitambaa, anabana tena, na ya chini nayo inainuka, na hajisikii kuwa ametoa kitu, anajisikia kama mtu anayefikisha mzigo uliokuwa na mwenyewe siku zote. Noella amegeuka. “Zote?” “Zote.” Ildephonse anafungua mashine ya Noella, anatoa kibareti kimoja kidogo cha zamani kilichokuwa ndani, anazisukuma mbili za Claudette moja baada ya nyingine kama anamaanisha, zinalia tak, tak, na Noella anaokota kile kidogo, anakipuliza, anamnyooshea, “Basi hii weka mwa ya Yaya,” anasema, ndivyo alivyomwita dada yake daima, “Lakini, Noella, ni ndogo mno, haitafanya kitu,” “Shemeji, kwetu unaletewa sahani ya samaki unairudisha tupu? Hata chumvi unaweka,” na Bienvenu anasema hiyo ni kweli, mama yake huweka hata limau, na Ildephonse, ambaye usiku kucha alihesabu kinachoondoka na hakuhesabu kinachobaki mezani, anakipokea kwa mikono miwili, anakipachika, anarudisha kifuniko, na sasa mashine mbili ziko tayari kando kwa kando, hakuna ajuaye kama zitawaka, umeme bado haujarudi, taa ya dukani imekufa, prizi ya kuchomekea ni moja, na Noella ameshashika waya wa kompyuta ya dada yake, anaunyoosha, “Ikirudi tutaanza na ya Yaya, shemeji, uisikie,” kumbe alijua, kumbe jioni zile zote alikuwa akipita njiani na kusikia ile feni, na Ildephonse anaangalia prizi, anaangalia Bienvenu na magoti yake yanayotikisika kwa kungoja, na anasikia sauti yake mwenyewe, nyepesi, bila kupima, “Hapana, chomeka ya kwako, Noella. Muntu huyu iko na barua yake.”