Nusu ya Kiraka

Siku Mkataji alipokata suruali arobaini, miguu themanini, yote ya kushoto, hakuna aliyethubutu kucheka mpaka Msimamizi alipotoka nje. Hapo karakana nzima iliangua kicheko, na Mkataji mwenyewe akacheka pamoja nao, maana angefanyaje? Miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa hiyo moja: kutandaza kitambaa safu juu ya safu kwenye meza ndefu, kuweka pateni, kuchora kwa chaki, kukata. Ukishachora mguu wa kwanza, unageuza pateni, unachora wa pili. Hata mwanafunzi wa wiki mbili analijua hilo. Yeye hakugeuza. Alisimama pale saa tatu ya asubuhi, wenzake wamevaa masweta na yeye jasho linamtiririka mgongoni, kichwa kizito kama kimejazwa pamba, akachora mguu ule ule mara mbili na kuona sawa kabisa.

"Sare zenyewe si za walinzi?" alisema Mama Pasi kutoka kwenye kona yake ya mvuke. "Acheni tu. Watawakimbiza wezi kwa mguu mmoja."

Mama Pasi alikuwa wifi yake, dada wa mume wake, na ndiye mpiga pasi wa karakana. Jina hilo alijipa mwenyewe. Alikuwa ameolewa miaka ishirini na saba na dereva wa lori, mtu mpole ambaye hakuwahi kumtupia neno, lakini mtoto hakuja, na watu hawakujua wamwite mama nani. Siku moja akawamalizia taabu. Aliinua pasi yake, inatema mvuke, akasema, "Mtoto wangu huyu hapa. Analia kutwa, ananiunguza, na uzeeni hatanisaidia. Niiteni Mama Pasi, tumalize." Watu walicheka hadi machozi. Mkataji, ambaye alikuwa na wanne wake, alimwona wifi yake akigeuka upesi na kuanza kunyoosha shati ambalo lilikwisha kunyooshwa.

Basi, Msimamizi alirudi ndani, akamwita Mkataji pembeni. Kijana huyo alikuwa na umri sawa na mwana wa kwanza wa Mkataji. "Dada mkubwa," alimwambia kwa sauti ya chini, "likitokea tena nitakuhamishia kwenye vifungo." Hakufoka. Afadhali angefoka. Ile heshima ndiyo iliyomchoma, kwa sababu mtu hasemeshwi kwa upole namna ile ila akiwa amekwisha kuonekana mgonjwa au mzee.

Kesho yake alikwenda kliniki. Alimweleza muuguzi kila kitu kwa pumzi moja: joto linalompanda kutoka kifuani kama mtu kafungua mlango wa tanuri, usingizi wa vipande vipande, majina ya watu yanayomponyoka mdomoni, na namna anavyoweza kumlilia mumewe kwa sababu ya sufuria. Mambo ya kujikaza kisabuni alikuwa ameyafanya mwaka mzima na yalimshinda. Muuguzi, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, aliandika, akauliza:

"Kizazi bado unacho?"

"Walikitoa miaka sita iliyopita. Nilikuwa na uvimbe."

"Basi kwako ni rahisi. Kibandiko cha homoni peke yake kinatosha."

Kati ya maneno hayo Mkataji alibeba moja tu, rahisi. Yale mengine aliyaacha mezani.

Kibandiko chenyewe kilikuwa chembamba, kinaangaza, ukubwa wa kiberiti. Unakibandika chini ya kitovu, unakibadilisha mara mbili kwa wiki. Kule karakana angekiita jina gani kama si kiraka? Na tusidanganyane, hakikuwa muujiza. Magoti yaliendelea kuuma na mumewe aliendelea kukoroma. Lakini baada ya wiki tatu joto lilipungua, akalala saa sita mfululizo, na asubuhi moja alijikuta amesimama mbele ya safu hamsini za kitambaa, mkono wake umekwisha kugeuza pateni kabla hata hajafikiri. Alitaka kulia kwa furaha. Hakulia, akakata.

Siri haikudumu. Mama Pasi alikiona kiraka chumbani walimobadilishia nguo.

"Kumbe ndiyo dawa yenyewe! Wifi, na mimi nigawie."

"Nenda kliniki upewe chako."

"Mimi nasimama kwenye mvuke kwa saa nane kila siku. Likinipanda lile joto sijui kama naichemsha pasi au pasi inanichemsha mimi. Nimechoka, wifi. Nimechoka mpaka kwenye mifupa."

"Ndiyo nakwambia nenda kliniki."

Mama Pasi alikaa kwenye benchi, viatu mkononi. Utani ulimtoka wote usoni. "Nikienda wataniuliza nimezaa wangapi. Kila pahali wananiuliza, tena mbele ya watu, halafu wanaandika sifuri. Nikiiona tena ile sifuri nitapiga mtu."

Mkataji alimtazama wifi yake kwa jicho la kazi, jicho linalojua kiuno cha mtu kabla ya futi kufunguliwa. Mwembamba, mabega ya msichana. Nguo inayonitosha mimi, aliwaza, kwake huyu ingehitaji nusu ya kitambaa. Ni mkataji wa nguo tu ambaye angeipima dawa namna hiyo. Alitoa kibandiko kipya, akaufuta mkasi kwa ncha ya kanga, akakata katikati, bila chaki, mstari ulionyooka kabisa. Nusu yake, nusu ya wifi yake.

Miezi minne ilipita hivyo. Mama Pasi alichangamka. Mkataji, akiwa na nusu tu, alirudishiwa nusu ya taabu zake: joto mara tatu kwa siku badala ya kumi, usingizi unaokatika alfajiri, pamba kichwani mwishoni mwa juma. Hakumwambia mtu. Aliandika kwa chaki herufi kubwa kwenye pateni, KUSHOTO upande mmoja, KULIA upande wa pili, na kila alipogeuza aliisoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Kwenye vifungo hakwenda. Alichoka, ndiyo, lakini alijiambia kuwa uchovu wa kugawana una nafuu yake. Alijisifu kidogo, hata. Mtu akichoka sana hupenda walau kujiona mwema.

Jumatano moja Mama Pasi alikuja kwenye meza ya kukatia kabla ya wengine kufika. Mkononi alikuwa na kipande cha pamba laini, cheupe, kutoka kwenye masalia. Macho yalikuwa yakimng'aa.

"Wifi, nimeona."

"Umeona nini?"

"Siku zangu. Miaka miwili sijaziona, nikajua ndiyo basi. Zimerudi!" Alimshika mkono, akaubana. "Tena si kidogo. Wiki ya pili sasa, kama msichana. Nimempigia mume wangu simu huko barabarani, unajua alifanya nini? Aliegesha lori. Mwanamume mzima, ameegesha lori kando ya njia analia. Anarudi Jumapili."

"Wifi..."

"Najua, najua, umri umekwenda. Lakini wapo waliozaa na miaka hii. Mwili umeamka, wifi, na wewe ndiye uliyeuamsha." Akaweka kile kitambaa mezani. "Nikatie kigauni. Kidogo tu, cha kwanza. Nitashona mwenyewe. Usimwambie mtu."

Joto lilimpanda Mkataji mpaka kwenye masikio, na safari hii halikuwa la umri. Ndipo lile neno aliloliacha mezani kliniki lilipomrudia. Kwako. Basi kwako ni rahisi. Aliyeambiwa vile ni mtu asiye na kizazi, na wifi yake kizazi alikuwa nacho, ndicho alichokuwa akikisubiri miaka ishirini na saba.

Alipaswa kusema pale pale. Hakusema. Alichukua mkasi akakata kigauni, mabega madogo, shingo ndogo, kwa sababu kukata alikuweza na kusema hakukuweza. Baadaye alijilaumu kwa hilo kuliko kwa kibandiko. Kibandiko alikikata kwa kutojua. Kigauni alikikata akiwa anajua.

Saa ya chakula alitoka nje, akasimama nyuma ya marobota ya kitambaa, akapiga simu kliniki. Alipomaliza kueleza, muuguzi wa miwani ya kamba aliuliza:

"Huyo ana kizazi?"

"Anacho."

"Na hakupewa vidonge vya kwenda pamoja na kibandiko?"

"Nilimpa nusu ya changu tu."

"Mama, kile peke yake kinanenepesha ngozi ya ndani ya kizazi. Ndiyo hiyo inayovuja damu. Hizo si siku zake. Ikiachwa inaweza kugeuka ugonjwa mbaya. Mlete leo. Usiniambie kesho."

Alirudi ndani. Mama Pasi hakwenda kula. Alikuwa amekwisha kukishona kile kigauni kwenye cherehani ya pembeni, na sasa anakinyoosha kwa ncha ya pasi, polepole, kile kimkono kidogo kisichozidi vidole viwili. Watu wote walikuwa nje. Mvuke ulimzunguka uso, naye alikuwa akiimba chinichini.

"Wifi, zima pasi."

"Subiri nimalize huku."

"Zima pasi, mama. Nakuomba."

Mama Pasi aliizima. Mkataji alimwambia yote, bila kupamba: alichosema muuguzi miezi ile, alichosema leo, kwamba damu ile ni ya dawa na dawa ni ya mkasi wake. "Nisamehe," alisema. Halafu akasema tena.

Mama Pasi hakupiga kelele. Alitazama kile kigauni, akakikunja mara mbili, mara nne, akapitisha kiganja juu yake kuondoa mkunjo ambao haukuwepo.

"Kwa hiyo hakuna," alisema.

"Hakuna, wifi."

"Una hakika?"

"Muuguzi ana hakika."

"Twende basi."

Kliniki walipanga foleni pamoja. Mkataji alikuwa amejiandaa kumkatiza muuguzi, kumjibia, kumkonyeza, chochote, lakini swali lilikuja kama kawaida, mlango ukiwa wazi na watu wamejaa kwenye benchi. Umezaa wangapi? Mama Pasi aliinua uso. "Andika sifuri," alisema, sauti kavu, kila mtu akasikia. Muuguzi aliandika. Mama Pasi hakumpiga mtu.

Walimpima kwa mashine, wakachukua kipande kidogo cha kupeleka maabara, wakawaambia warudi Ijumaa. Siku hizo mbili Mama Pasi alipiga pasi sare za walinzi bila kutoa utani hata mmoja, na karakana ilikuwa kimya kama msibani. Mkataji alisoma KUSHOTO na KULIA kwa kunong'ona, na mara mbili ilibidi aanze upya.

Ijumaa waliambiwa ngozi ilikuwa imenenepa lakini haijaharibika. Wamewahi. Kuna vidonge vya kuirudisha ilivyokuwa, na baada ya hapo, akitaka, atapewa kibandiko chake kizima, pamoja na vidonge vyake, apimwe yeye mwenyewe. "Mngechelewa miezi michache," muuguzi alisema, halafu hakumalizia, akawatuma wangoje dawa kwenye benchi la nje.

Walikaa. Mkataji alihisi uchovu wa mwaka mzima ukimshukia mabegani kwa mara moja, na chini ya uchovu huo furaha, furaha ya wazi kabisa, kwamba huyu mwanamke aliye kando yake atakuwa hai. Alitaka kumshika mkono. Mama Pasi alikuwa akitafuta kitu mkobani. Alitoa kigauni, kimekunjwa mara nne, mistari ya pasi imesimama, akakiweka juu ya mapaja ya Mkataji.

"Kikae kwako. Kwangu hakikai."

"Sawa, wifi."

"Najua umeniokoa. Nisikufiche, najua. Usiku wa Jumatano nilitaka kukupiga, na bado najua." Alijifuta jasho shingoni, maana joto lilikuwa limempanda, alikuwa amebandua nusu yake ya kibandiko tangu Jumatano. "Lakini mume wangu anarudi Jumapili. Ameniambia kuna kitanda kidogo amekifunga juu ya lori, kwenye turubai, kisinyeshewe. Kila akisimama anapiga simu kuniambia hakijalowa. Sijamwambia kitu."

Mkataji alipitisha kidole kwenye mshono wa kigauni.

"Ungeniacha niamini mpaka Jumapili tu, wifi."

Nisamehe alikuwa amekwisha kuisema mara nyingi mno, na halikuwepo neno lingine. Alikishika kile kigauni kwa mikono miwili, wakakaa wanangoja jina liitwe.